Kiti cha umeme cha gari kimegoma: kurekebisha kifaa kimoja, kubadilisha mota au kuweka kiti kingine?

Kiti cha umeme kinapogoma, mwenye gari huelezwa njia tano za kukirudisha kazini: kusafisha au kubadilisha swichi na nyaya, kubadilisha gia au kebo iliyokwisha, kubadilisha mota pamoja na giaboksi yake, kubadilisha fremu nzima yenye reli, au kung'oa kiti chote na kufunga kingine. Watu wengi huzichagua kwa ukubwa wake. Wapo wanaoanza na iliyo nyepesi na kupanda polepole, wakinunua spea moja baada ya nyingine, na wapo wanaokimbilia kiti kizima ili mambo yaishe. Makundi yote mawili hupoteza fedha, kwa sababu njia hizi hazizidiani ubora. Kila moja inafaa kwa kosa lake na haifai kabisa kwa kosa la jirani yake. Kinachoziamua ni swali moja ambalo lazima lipimwe na lisikisiwe: swichi ikiwa imebonyezwa, je, umeme wa kutosha unafika kwenye plagi ya mota? Ukifika, swichi, fyuzi na nyaya hazina kosa, na kazi inabaki kwenye mota na vyuma vinavyoendeshwa nayo. Usipofika, kununua mota ni kutupa fedha, hata kama mota hiyo imekaa kimya kama iliyokufa.

Kinachosogeza kiti

Chini ya kikalio kuna mota ndogo za mkondo mnyoofu wa volti 12, kila moja ikiwa na mwendo wake: moja husogeza kiti mbele na nyuma, nyingine huinua sehemu ya mbele ya kikalio, nyingine sehemu ya nyuma, na nyingine hulaza mgongo wa kiti. Kiti kinachotajwa kuwa cha mienendo minane kwa kawaida kina mota nne, kwani kila mota huzunguka pande mbili. Kuigeuza mota hakuhitaji waya wa tatu. Swichi ikiwa imetulia, nyaya zote mbili za mota huwa zimeunganishwa na upande hasi. Ikibonyezwa, waya mmoja huhamishiwa upande chanya na mwingine hubaki hasi, na ikibonyezwa kinyume, nyaya hubadilishana nafasi. Jambo hili ni la kukumbuka, maana ndilo linalofafanua dalili moja ambayo huwapotosha wengi, nitakayoieleza hivi karibuni.

Mzunguko wa mota hupunguzwa kasi na gia, ambazo mara nyingi baadhi yake ni za plastiki, kisha hupelekwa kwenye parafujo ndefu iliyolala ndani au kando ya reli. Katika viti vingi mota moja huhudumia reli mbili, na nguvu hupelekwa kushoto na kulia kwa kebo fupi za chuma kilichosokotwa, zenye ncha za pembe nne zinazoingia katika matundu ya pembe nne ya giaboksi. Kiti chenye kumbukumbu ya mkao huongeza kitu kingine: kihisi kinachohesabu mizunguko ya mota na kuipasha habari kompyuta ndogo ya kiti, ili ijue kiti kimefika wapi.

Dalili kabla ya kufungua chochote

Dalili hazitoi hukumu ya mwisho, lakini hupunguza njia tano hadi mbili au tatu kabla ya spana kuguswa.

Mienendo yote ikifa kwa pamoja, ni vigumu sana kuamini kwamba mota nne zimeungua siku moja. Tafuta kile kinachozihudumia zote: fyuzi, ambayo katika magari mengi ni ya ampea 30 au karibu na hapo, waya mkuu wa chanya, waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi chini ya kiti, plagi kubwa inayokiunganisha kiti na gari, au kompyuta ya kiti. Magari ya zamani badala ya fyuzi ya kuungua yana kikata umeme kinachojirudisha chenyewe kikipoa. Mwendo unaokatika na kurudi baada ya muda mfupi unaweza kuwa ni kazi yake. Mota nyingi nazo zina kinga ya joto ndani, hivyo kiti kinachogoma kikishatumiwa kwa nguvu na kurudi baada ya dakika kadhaa kinadai mambo mawili yatofautishwe: kama ni mwendo mmoja tu unaopotea, kinga ya mota hiyo ndiyo iliyokata; kama ni yote, ni ya mzunguko mkuu. Katika hali zote mbili kinga ni mjumbe tu. Kuna kitu kinachovuta umeme kupita kiasi, na mara nyingi ni reli iliyokauka grisi au iliyobanwa na sarafu, kalamu au kifuniko cha chupa.

Mwendo mmoja ukifa pande zote mbili, washukiwa ni mota yake, nyaya zake mbili au sehemu yake ya swichi. Ukifa upande mmoja tu, yaani kiti kinakwenda mbele lakini hakirudi nyuma, mota huanza kulaumiwa bila haki. Mota ile ile na nyaya zile zile ndizo zinazofanya kazi pande zote mbili, kwa hiyo zikiweza kwenda mbele zinaweza kurudi, isipokuwa kuna kizuizi cha chuma kwenye reli au kompyuta ya kumbukumbu imejifunza kikomo kisicho sahihi. Zaidi ya hapo kosa liko kwenye swichi, na hapa kuna undani ambao hata mafundi hupitiwa nao: mguso uliochomeka si lazima uwe ule wa chanya wa upande uliokufa. Unaweza kuwa mguso wa hasi wa upande wa pili, ambao ulipaswa kubaki umeshika wakati mwenzake anahama. Ndiyo sababu kusafisha nusu ya swichi wakati mwingine hakuponyi.

Mota ikisikika inavuma lakini kiti hakitikisiki, umeme unafika na mota iko hai. Kilichokatika kiko kati yake na reli, ama gia ya plastiki imekwisha meno ama kebo imechomoka. Kiti kikienda upande mmoja kikijipinda, kona ya kushoto ikisogea na ya kulia ikibaki, kebo ya upande uliobaki ndiyo yenye kosa. Na kiti cha kumbukumbu kinachosogea kidogo, kikasimama, kikasogea tena kidogo kila swichi inapobonyezwa upya, hakilalamiki kuhusu nguvu. Kompyuta yake haipati hesabu ya mizunguko kutoka kwa kihisi, hivyo inadhani mota imekwama na inaikatia umeme kuilinda.

Kipo kipimo kimoja kisichohitaji kifaa chochote. Usiku au ndani ya karakana yenye giza, injini ikiwa imezimwa, washa taa ya ndani ya gari na ubonyeze swichi ya mwendo uliogoma huku ukiiangalia taa. Ikififia kidogo, mkondo mkubwa unapita: mota inajaribu na imezuiwa. Isipobadilika kabisa, mzunguko umekatika mahali fulani. Kipimo hiki hufanya vizuri zaidi kwa taa ya balbu ya zamani yenye waya unaong'aa. Taa za LED mara nyingi hazioneshi tofauti.

Taa ya kupimia, multimita au mashine ya kusoma kompyuta

Vifaa hivi vitatu hulinganishwa kana kwamba cha bei kubwa ndicho kinachojua zaidi. Sivyo. Kila kimoja huona kile ambacho vingine havioni.

Multimita, yaani kifaa cha kupimia volti na omu, ni sahihi kwa namba, lakini ina udhaifu mmoja unaowaponza wengi katika kazi hii. Yenyewe haivuti mkondo karibu wowote, kwa hiyo waya ulioliwa na kutu hadi ukabaki na uzi mmoja wa shaba bado utaionyesha volti 12 kamili, ilhali waya huo huo ukidaiwa ampea kadhaa na mota, volti zinaporomoka. Mtu aliyeichomoa plagi, akapima, akaona 12 na kwenda kununua mota amedanganywa na kipimo halali. Dawa yake ni kupima mota ikiwa imechomekwa na swichi imebonyezwa, ncha za multimita zikiingizwa kwa nyuma ya plagi. Betri iliyojaa na iliyotulia huwa na takribani volti 12.6. Kwenye mota inayojaribu kuzunguka, tofauti kati ya volti za betri na za plagi ikizidi 1 hivi, kuna mahali zinapotea. Ili kujua ni wapi, weka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye waya hasi wa kiti, swichi ikiwa imebonyezwa: ukisoma zaidi ya takribani volti 0.2, bolti inayokamata waya huo kwenye bodi imeshika kutu au imelegea.

Taa ya kupimia yenye balbu ya kawaida haitoi namba, lakini huvuta mkondo, kwa hiyo huumbua waya dhaifu mara moja: inawaka hafifu au haiwaki. Kwa kiti rahisi kisicho na kompyuta, mimi naiona kuwa chombo bora cha kuanzia. Kwa kiti chenye kumbukumbu hali hubadilika, kwa sababu nyaya nyembamba za vihisi na mawasiliano hazikuundwa kubeba mkondo wa balbu, na kuzigusa nayo kunaweza kuharibu kompyuta ambayo ilikuwa nzima.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ina manufaa pale tu ambapo kiti kina kompyuta ya kusomwa. Hapo hufanya kile ambacho multimita haiwezi: huonyesha kama kompyuta inaiona swichi ikibonyezwa, kama hesabu ya kihisi inabadilika mota inapozunguka, na mara nyingine huiamuru mota izunguke bila kupitia swichi. Mashine za bei nafuu zinazosoma makosa ya injini pekee haziingii kwenye kiti hata kidogo. Vilevile msimbo wa kosa unaotaja mota ya mwendo fulani unasema tu kwamba mzunguko wa mota hiyo haukutenda kama ulivyotarajiwa. Waya uliokatika chini ya zulia huandika msimbo huo huo.

Baada ya umeme kuthibitishwa, jaribio la kuipa mota nguvu moja kwa moja humaliza ubishi. Chomoa plagi ya mota kwanza, ili umeme usirudi nyuma kwenye kompyuta, kisha tumia nyaya mbili kutoka kwenye betri, moja ikiwa na fyuzi ya ampea 15 au 20. Kwenye mota yenye kihisi, pini mbili nene ndizo za nguvu. Pini nyembamba ni za kihisi na zisiguswe. Gusisha kwa muda mfupi tu na uache kabla ya mwisho wa reli, kwani sasa hakuna kitu kinachojua kusimamisha mota, na vidole viwe mbali na reli. Jaribio hili lina faida ya pili: bolti nne za kiti mara nyingi zimefichwa na kiti chenyewe, mbili mbele na mbili nyuma, na kiti kilichogoma katikati kinaweza kusogezwa namna hii ili zifikiwe.

Kabla ya kung'oa: mfuko wa hewa

Viti vingi vya magari ya kisasa vina mfuko wa hewa wa ubavuni ndani ya mgongo wa kiti, na mara nyingi kivuta mkanda kwenye kifungio. Vyote hulipuka kwa umeme mdogo. Plagi na nyaya zao kwa kawaida ni za rangi ya njano, na hakuna sababu yoyote ya kuzipima kwa multimita au taa. Kabla ya kuchomoa plagi yoyote chini ya kiti, zima gari, ondoa waya hasi wa betri na usubiri muda uliotajwa na mtengenezaji ili akiba ya umeme ndani ya kompyuta ya usalama iishe. Kwa magari mengi ni dakika kadhaa. Usiwashe swichi ya gari kiti kikiwa kimechomolewa, maana kompyuta itaandika kosa na taa ya mfuko wa hewa itabaki imewaka hadi lifutwe. Fundi anayepuuza hatua hii asipewe kazi, hata kama anajua umeme kuliko wote.

Kurekebisha au kubadilisha: njia kwa njia

Kusafisha swichi na kutengeneza nyaya ndiyo njia ya kwanza kwa kosa la umeme usiofika. Swichi hubanduliwa kwenye ubavu wa kiti, na ikifunguliwa vizuri migusano yake huonekana: vijipande vya shaba vyenye madoa meusi pale cheche ziliporuka mara nyingi. Madoa mepesi huondoka kwa dawa ya kusafishia migusano ya umeme. Mguso uliolika hadi ukawa na shimo, au plastiki iliyoyeyuka kuuzunguka, haurudi, na swichi ibadilishwe. Katika baadhi ya magari swichi za viti viwili vya mbele zinafanana, na kuzibadilishana kwa muda ni kipimo kisicho na gharama. Kwa nyaya, angalia pale zinapopinda kila kiti kinaposogea na pale zinapoweza kubanwa na reli. Kiunganisho cha waya uliokatika kiwe cha kubanwa au kuchomelewa kwa risasi na kufunikwa. Kuuzungusha kwa vidole na kuufunga utepe hakudumu mahali panapotikisika. Na fyuzi inayoungua mara kwa mara isipandishwe kutoka 30 hadi 40. Waya ulichaguliwa kwa ile 30, na ukipewa zaidi, utaungua wenyewe chini ya zulia.

Kubadilisha gia au kebo ni kazi ya kiti kinachovuma bila kusogea na kinachojipinda. Kwangu hii ndiyo njia inayopuuzwa zaidi, kwa kuwa watengenezaji wengi huuza mota na giaboksi kama kitu kimoja, na muuza spea husema hakuna namna nyingine. Fungua giaboksi na mara nyingi utaikuta gia moja ya plastiki ambayo meno yake matatu au manne yamesagika upande mmoja, mengine yote yakiwa mapya. Gia za badala kwa mifano ya magari yenye tatizo linalojulikana hupatikana peke yake. Kebo nayo ikichomolewa husema yenyewe: ncha iliyokuwa na pembe nne imekuwa duara na kung'aa, au ala yake ya plastiki imejivuta hadi ncha haifiki tena ndani ya tundu. Kebo mpya iwe na urefu ule ule. Fupi huteleza, ndefu hubana.

Hatari ya njia hii ni moja, nayo ni kubwa. Reli mbili zinapotenganishwa kutoka kwa mota, kila moja inaweza kuzungushwa peke yake, na zikirudishwa zikiwa hazilingani, kiti hukaa kimepinda na mota hulazimika kupigana na reli kila inapozunguka. Kabla ya kuingiza kebo, peleka reli zote mbili hadi mwisho wa upande mmoja, au pima kwa rula kutoka ncha ya reli hadi kwenye kiti, kushoto na kulia, hadi vipimo vifanane. Kisha paka grisi nyeupe ya lithiamu kwenye parafujo na reli. Mafuta mepesi ya kulegeza kutu yatumike kulegeza tu. Yakiachwa kama kilainishi hukauka na kukamata vumbi.

Kubadilisha mota pamoja na giaboksi kunafaa pale mota iliyopewa umeme moja kwa moja inapobaki kimya, au inapozunguka kwa uvivu ingawa reli ni laini. Ukiipima kwa multimita ikiwa imechomolewa, mota isiyo na kosa husoma omu chache (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ikisoma mzunguko uliokatika, kaboni zake, yaani vijipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha au waya wa ndani umeungua. Zipo mota zinazofunguka na kubadilishwa kaboni, lakini kwa nyingi za kiti kifuniko kimekunjwa kiwandani na kukifungua ni kukiharibu. Kwa hiyo hapa nakubaliana na wauza spea: mota nzima. Iliyotumika kutoka gari la mfano ule ule inatosha, mradi namba ya spea ifanane, kwa kuwa mota ya kiti chenye kumbukumbu na ya kiti cha kawaida zinaweza kufanana kwa umbo na kutofautiana kwa pini.

Fremu yenye reli huchaguliwa kwa sababu ya chuma, si ya umeme. Jaribu hivi: gari limesimama, kaa kitini na ukisukume kwa mwili mbele na nyuma. Gia na parafujo ya kiti cha umeme huzuia kiti kisirudi nyuma hata bila umeme, hivyo gia ya plastiki iliyosagika karibu na mota, au kebo iliyochomoka, inaacha kiti kikiwa kimeshikwa imara na parafujo zake. Kiti kinachocheza kidogo kwa mlio wa chuma kimelegea viungo. Kiti kinachoteleza kwa sentimita kimepoteza nati inayotembea juu ya parafujo, na gari hilo lisiendeshwe kabla ya kutengenezwa. Tofauti hii ndiyo inayoamua kama mwenye gari anaweza kuahirisha kazi. Kiti kilichoshikwa imara katika mkao unaomfaa dereva kinaweza kusubiri spea sahihi, kinachoteleza hakiwezi.

Reli iliyopinda baada ya ajali isinyooshwe wala kuchomelewa. Kiwango cha usalama cha Marekani, FMVSS 207, hutaka kiti na vishikizo vyake vihimili nguvu iliyo mara 20 ya uzito wa kiti chenyewe, na Kanuni ya 17 ya Umoja wa Mataifa ina masharti yake ya nguvu za viti na vishikizo. Chuma kilichopashwa moto na kuungwa hakina tena nguvu iliyopimwa. Kwa sababu hiyo hiyo siafiki kubadilisha reli za umeme kwa za mkono kwa kukata na kuchomelea. Kama mtengenezaji alitoa gari hilo hilo likiwa na reli za mkono zinazofungwa kwenye matundu yale yale kwa bolti zile zile, hiyo ni njia halali na imara, vinginevyo iachwe.

Kiti kizima, hasa cha mtumba, kina mvuto wake. Kikiwa sahihi, kazi ni ya bolti nne na plagi kadhaa, na kitambaa na sponji za kiti hubadilika pamoja na mota. Kinazishinda njia nyingine zote pale ambapo makosa ni mengi kwa mpigo, kwa mfano mota mbili zimekufa na kitambaa kimechanika. Lakini ndicho chenye masharti mengi kuliko vyote. Plagi zilingane kwa umbo na kwa nyaya, kikiwa na vipashajoto, kumbukumbu na mfuko wa hewa wa aina ile ile. Mfuko wake usiwe umewahi kulipuka. Kagua chini kama kuna mstari wa matope au kutu iliyopanda kwa usawa mmoja kwenye mota zote, kwani hiyo ni alama ya gari lililozama, na kiti cha namna hiyo kitaanza kusumbua mapema hata kikijaribiwa leo kikasogea vizuri. Kiti cha abiria kina sharti la ziada: katika magari mengi kikalio chake kina kihisi cha uzito kinachoiambia kompyuta kama mfuko wa hewa wa mbele ulipuke au usilipuke. Kihisi hicho husawazishwa kwa mashine baada ya kiti kubadilishwa. Kiti kikifungwa bila kusawazishwa, abiria anaweza kukaa mbele ya mfuko uliozimwa bila yeye kujua.

Kwa kiti chenye kumbukumbu kinachosogea vipande vipande, kwa hiyo, hakuna kati ya spea kubwa inayofaa kwanza. Anza na plagi ya kihisi na nyaya zake nyembamba. Kama betri ilikuwa imeondolewa au kufa muda mfupi kabla ya tatizo, huenda kompyuta imepoteza vikomo vyake, na kuipeleka reli hadi mwisho wa mbele na wa nyuma kwa utaratibu uliomo katika kitabu cha gari huirudishia. Kihisi kikithibitika kufa, katika mota nyingi kimejengwa ndani yake, na hapo ndipo mota nzima inakuwa njia sahihi ingawa inazunguka bila shida.

Kazi ikishakamilika, bolti za kiti zikazwe kwa spana ya kipimo, yaani inayopima nguvu ya kukaza, kulingana na kitabu cha gari, na zile ambazo mtengenezaji ametaka ziwe mpya zisirudishwe za zamani. Betri iunganishwe mwisho, kiti kipelekwe mwanzo hadi mwisho wa kila mwendo huku nyaya zilizo chini zikitazamwa zisibanwe, na taa ya mfuko wa hewa ihakikishwe kuwa inazimika baada ya gari kuwashwa. Kisha volti zipimwe tena kwenye plagi ya mota iliyotengenezwa, swichi ikiwa imebonyezwa, na namba iandikwe kando ya ile ya kwanza. Kiti kikigoma tena baadaye, namba hizo mbili zitaonyesha mara moja kama ni kosa lile lile lililorudi au ni jipya.